Kiti Kilichosogezwa Mbele

Siku walipoanza kurudisha vitu vya ndani kwenye pikapu, ua mzima ulikuwa umetapakaa viungo vyake kama nyumba inayohama. Dashibodi ililala juu ya meza ya kulia. Usukani ulining'inia kwenye msumari ambao zamani ulikuwa wa taulo. Mikono ya kushushia vioo, vitasa, vifuniko vya taa na skrubu za kila aina zilikuwa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na lake, na ole wake atakayesogeza kopo. Baba alijua kila nati ilikotoka. Majina ya majirani yalimpotea, lakini nati hazikumpotea.

"Hii ya wapi?" binti yake alimjaribu, akinyanyua skrubu ndogo kama punje ya mchele.

"Kifuniko cha kijisanduku cha dashibodi, kulia, juu. Irudishe ulikoitoa."

Mtaa mzima ulimwita binti huyo Uzi. Wateja walidhani jina limetokana na kazi yake, kwa kuwa alikuwa fundi wa viti: viti vya magari, makochi, hata matandiko ya baiskeli mtu akibembeleza. Ukweli ni kwamba jina alilipata kabla hajajua kushika sindano. Alipofika darasa la tano alikuwa amewapita kwa kimo watoto wote wa mtaa, akiwa mwembamba vilevile, na marehemu mama yake akasema mtoto huyu anavutika kama uzi. Sasa alikuwa amevuka miaka arobaini, na bado alikuwa anainama kila mlango.

Pikapu ilikuwa ya baba tangu ujana wake. Ilibeba mchanga, magunia, wagonjwa, maharusi, na mara moja ng'ombe aliyefika salama kisha akakataa kushuka. Ilipochoka ikaegeshwa ukutani, ikafunikwa turubai, na kuku wakahamia. Ikakaa hivyo mpaka siku Uzi aliporudi kutoka kwenye ndoa yake, na cherehani, begi moja na uso uliovimba kwa kulia. Mchana ule baba hakuuliza kitu. Alimwacha anywe maji, kisha akaelekeza kidevu kwenye turubai.

"Unaiona ile? Tutaifufua, mimi na wewe. Ikisimama ni yako. Utabebea makochi yako mwenyewe, usimbembeleze mtu."

Shangazi, dada yake baba, alikuwepo amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akasema, "Umesikia, mwanangu? Baba yako hasemi mara mbili."

Uzi alisikia. Maneno yale ndiyo yaliyomwamsha asubuhi wakati hakuwa na sababu nyingine ya kuamka. Alifungua kibanda chake cha kushonea palepale uani, na kila alipopata nafasi aliiacha kazi ya watu akaenda kwenye pikapu. Baba alishughulika na injini na gia. Fundi bodi wa jirani alinyoosha mabati na kuyapiga rangi. Lakini ndani, kuanzia sakafu hadi dari, kulikuwa kwa Uzi.

Na walifurahi, hilo lazima lisemwe. Siku ya kubandika kitambaa cha dari walilala chali ndani ya gari, vichwa vimegusana, gundi inawadondokea. Kitambaa kikashika upara wa baba kabla hakijashika bati. Uzi alicheka mpaka akashindwa kumbandua, na baba, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akasema kwa utulivu, "Ukimaliza kucheka, kuna mtu amebandikwa huku." Walitandika zulia la kuzuia kelele sakafuni, wakapitisha nyaya, wakarudisha dashibodi huku mmoja akishika kushoto na mwingine kulia, wakihemeana usoni. Taa ya saa ya mafuta ilipowaka kwa mara ya kwanza, baba aliizima na kuiwasha tena kama mtoto.

Jambo moja tu walilibishania: rangi ya kiti. Uzi alitaka ngozi bandia ya kahawia, rangi isiyoonyesha vumbi, na tayari alikuwa ameona jora lake dukani.

"Damu ya mzee," baba akasema.

"Baba! Tangu lini una rangi unayoipenda? Umevaa shati la kijivu tangu nizaliwe."

"Ngoja kwanza." Akachukua simu, akazunguka nyuma ya nyumba. Uzi alisikia sauti yake ikinong'ona, kisha akarudi akijifuta jasho. "Damu ya mzee. Na ukingo mweupe."

Uzi akaguna, akacheka moyoni. Alidhani mzee amepata mtu. Miaka yote hii ya upweke, kumbe kuna mama fulani huko anapenda damu ya mzee! Alimfurahia, na kwa furaha hiyo akakubali rangi bila kubisha zaidi. Alikata, akashona, akaunga springi za zamani kwa waya mpya, akapanga sponji tabaka kwa tabaka, ngumu chini, laini juu. Kiti chenyewe kilikuwa kimoja, kirefu, cha watu watatu. Alikifanyia kazi kama anayejishonea gauni.

Wiki hiyohiyo alimpigia simu mdogo wake. Walikuwa wawili tu, yeye na huyu kitindamimba, ambaye kwa sababu hiyo aliitwa Kitinda mpaka akaota ndevu. Aliishi mji mwingine. Alikuwa ameanguka na pikipiki, mguu wa kushoto ukavunjika vibaya na ulipounga ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Uzi ndiye aliyemuuguza, na ndiye aliyekuwa akimpunguzia suruali zake zote, mguu wa kushoto vidole vitatu, ili asijikwae.

"Nikishakabidhiwa funguo," alimwambia, "safari ya kwanza ni kwako. Nakuletea lile kochi uliloliomba."

Upande wa pili kukawa kimya.

"Upo?"

"Nipo, dada. Utafaidi."

"Mbona sauti ya msibani?"

"Mtandao tu, dada. Mtandao."

Siku ya kufunga kiti, Uzi alikwenda mara moja dukani kununua vibanio vya bodi za milango, maana mlango wa dereva ulikuwa umeshavishwa na wa abiria ulikuwa bado. Aliporudi alikuta baba hakumsubiri. Alikuwa amefunga reli za kiti sakafuni na kukipandisha kiti juu yake peke yake, kazi ya watu wawili. Sasa alikuwa kichwa chini mbele ya gari, anachokonoa injini ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Uzi akavua viatu asichafue zulia, akapanda upande wa dereva.

Hakuenea. Magoti yaligonga dashibodi. Usukani ulimkalia mapajani. Alikaa pale kama panzi aliyetiwa kwenye kiberiti.

"Baba, umekisogeza mbele mno. Mimi siingii."

"Mashimo ya nyuma yameoza," sauti ikajibu kutoka kwenye injini.

"Yameoza lini? Niliyasugua mwenyewe, nikayapaka rangi."

"Bolti hazishiki."

"Nipe spana nijaribu."

"Acha kwanza. Tutaona baadaye."

Hapo ndipo Uzi alipotulia. Baba yake hakuwa mtu wa tutaona baadaye. Alikuwa mtu asiyeweza kumeza tonge ikiwa kuna bolti moja haijakaza. Akainama, akamulika chini ya kiti kwa simu. Mashimo ya nyuma yalikuwepo, mazima, rangi yake ikimeta, hakuna hata alama ya bolti iliyojaribiwa. Akateremsha mwanga kwenye pedali. Breki ilikuwa kama ilivyo. Ya mafuta kama ilivyo. Juu ya klachi kulikuwa na kipande cha mbao kilichopigwa randa kikalainika, kikavishwa mpira, kikafungwa kwa bolti mbili.

Akakipima kwa mkono bila kufikiri, kama anavyopima pindo. Vidole vitatu.

Alibaki ameinama hivyo, shavu limegusa usukani. Mguu wa kushoto, vidole vitatu. Ni mara ngapi alikuwa amekunja kitambaa kwa kipimo hicho, akakibana kwa pini huku Kitinda amesimama juu ya stuli anamtania? Kisha mengine yakaja yenyewe, moja likivuta jingine. Damu ya mzee. Baiskeli ya kwanza ya Kitinda ilikuwa rangi hiyo, na shati lake la harusi ya jirani yao, na kofia aliyokataa kuvua. Ule mnong'ono nyuma ya nyumba. Utafaidi, dada. Uzi alizitazama nyayo zake zilizokanyaga zulia alilolikata kwa mkono wake.

Akashuka. Akavaa viatu vyake polepole. Akaenda akasimama karibu na baba yake.

"Baba, Kitinda anakuja lini?"

Spana ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Klachi imeniambia."

Baba akainuka. Akachukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena ingawa ulikuwa umeshatakata.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Ikishakwisha."

"Ikishakwisha kushonwa."

Baba hakukataa. Alitazama chini, halafu akaanza kusema, na alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. "Wewe una mikono, mwanangu. Ukitupwa popote utaokota kamba, utaishi. Mwenzio hana. Mguu ule haupandi ngazi wala haubebi zege. Kila kazi wanamwambia nenda, tutakupigia. Kukaa na kuendesha ndicho kitu anachokiweza. Nikifa leo, wewe sina wasiwasi nawe. Yule ndiye ananinyima usingizi."

"Sibishani na mguu wake, baba. Mguu huo nimeuosha mimi. Nauliza, kwa nini hukuniambia?"

Baba akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ningekwambia, ungeshona?"

Aliuliza kweli, si kwa kumkomoa. Alitaka kujua. Na Uzi alitafuta jibu asilipate, kwa sababu pengine angeshona. Pengine angenuna siku mbili, akalia, kisha akashona, maana Kitinda ni Kitinda. Lakini sasa hakuna aliyeweza kujua. Walikuwa wameichukua ile pengine yake wakaitumia bila kuuliza.

"Ungeniomba," akasema. "Ungeniomba, baba, ndipo tungejua."

Geti likalia. Shangazi akaingia na kikapu chake, akianza kusalimia tangu mbali kama kawaida yake, akakuta wawili wamesimama kama nguzo za goli. Salamu ikamkatikia mdomoni.

"Shangazi," Uzi akasema, "siku ile ulikuwepo. Hebu nikumbushe. Baba alisema pikapu ikisimama ni ya nani?"

Shangazi akatua kikapu. Akamtazama kaka yake, kaka akatazama tairi.

"Mwanangu, maneno ya siku ile..." Akapangusa midomo. "Ulikuja umevunjika, wewe. Hukuwa unakula. Yale yalikuwa maneno ya kukutuliza."

"Ya kunituliza."

"Mtu mwenye homa huambiwa utapona."

"Kwa hiyo wewe ulijua."

"Tulijua kwamba utaelewa," shangazi akasema, na alisema kwa upendo kabisa, akinyoosha mkono kumshika. "Wewe ndiye mwenye akili humu ndani. Siku zote unaelewa."

Uzi akausogeza mkono wake pembeni. Akatoa simu, akampigia mdogo wake palepale mbele yao, akaweka sauti ya juu.

"Dada!"

"Nipo kwenye pikapu yako. Kiti kimefungwa. Unataka mto wa mgongo pia?"

Safari hii hakusingizia mtandao.

"Baba alisema atakwambia mwenyewe," Kitinda akasema hatimaye, sauti imemnywea. "Kila siku namuuliza, ananiambia kesho. Nilikuwa nasubiri, dada. Kwa Mungu nilikuwa nasubiri."

"Ulisubiri huku unachagua rangi."

"Dada, sikiliza..."

"Nilikupigia nikakwambia nitakuletea kochi. Ukaniambia utafaidi."

Uzi alingoja muda wa kutosha kwa mtu mwenye la kusema, kisha akakata simu. Mumewe alipomtenda alikuwa na hasira, na hasira ilimsaidia: alivunja sahani, alitukana, aliondoka. Hapa hakupata cha kuvunja. Watu watatu waliobaki duniani walio damu yake walikuwa wamekaa wakamjadili kwa upole, wakaona kwamba ana nguvu za kutosha kudanganywa.

Akarudi kwenye pikapu, akapanda. Kwenye kona ya kiti, upande wa ukutani, alikuwa ameacha sindano na uzi unaning'inia, mishono michache ya mwisho. Akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia ngozi. Baba akaona. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayesubiri kofi ambalo anajua ni lake. Shangazi akashika kichwa.

Damu ya mzee ilikuwa imevutika vizuri, bila kunyanzi hata moja. Uzi aliitazama kwa muda. Kisha akaingiza ncha ya mkasi, akakata ule uzi ulioning'inia, akachomoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Akashuka.

"Na mlango?" baba akauliza kwa sauti ndogo. Mlango wa abiria ulikuwa bado uchi, mabati na vyuma vikionekana.

"Wenye gari watauvisha."

Kesho yake alileta mkokoteni. Mwenye mkokoteni alikuwa mzee mwenye mgongo mbaya, na cherehani ya kushonea ngozi si mzigo wa mchezo, kwa hiyo baba akaja akashika upande mmoja bila kuambiwa. Uzi hakumzuia. Waliinyanyua pamoja kama walivyozoea, "moja, mbili, haya," wakaitua taratibu isiumie. Baba akataka kusema kitu. Mwenye mkokoteni akauliza wanaelekea wapi, Uzi akamwelekeza, na nafasi ya kusema ikapita.

Alipanga chumba nyuma ya duka la matairi. Kilikuwa na joto na harufu ya mpira, na dari yake ilikuwa chini kiasi kwamba alishona ameinamisha shingo hata akiwa amekaa. Wateja walimfuata, si wote. Makochi aliyapeleka kwa mkokoteni, na mvua ikinyesha yalingoja.

Muda si mrefu Kitinda akarudi kuishi karibu, akachukua pikapu, akaja kumwona. Uzi aliusikia mlio wa ile injini kabla haijakata kona, akaendelea kushona. Mdogo wake akaegesha mbele ya duka, akashuka akichechemea, akasimama mlangoni bila kujua aweke wapi mikono.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kukwambia, gari ni la sisi sote. Ukiwa na mzigo wowote niite tu. Hata saa hii."

"Nikuite."

"Ndiyo, dada."

"Ahadi haikuwa ya kuita mtu, Kitinda. Nilikuwa niwe mwenye gari."

Akainamisha kichwa. Machozi yakaanza kumtoka, mwanamume mzima mwenye ndevu, na Uzi akakumbuka jinsi alivyokuwa akimfuta pua kwa pindo la gauni. Mkono ulitaka kunyanyuka. Aliuacha kwenye kitambaa.

"Kiti kinakuumiza kiuno?" akauliza.

"Hapana. Naweza kuendesha mchana kutwa. Sijawahi..."

"Ukikisafisha usitumie petroli. Itakausha ngozi, itapasuka. Maji na sabuni tu."

"Sawa, dada."

"Haya. Nina kazi."

Alisikia gari likiwaka, likiondoka, mlango mmoja ukigongagonga vyuma vyake kama debe. Kwa kitambo kifupi alijisikia vizuri kwamba kiti kinamfaa, kisha akajichukia kwa kujisikia hivyo, kisha akachoka na yote mawili. Hakumwita siku hiyo wala miezi iliyofuata. Kazi zilipozidi, alimtafuta kijana mwingine mwenye gari la mizigo, akawa anamwita huyo.

Baba alikuwa akituma salamu kupitia kwa shangazi. Mwambie nimemsalimia. Mwambie embe zimeiva. Mwambie kibanda chake kipo vilevile, hakuna aliyekigusa. Uzi naye akazirudisha salamu, moja kwa moja, bila kuongeza neno. Shangazi alimlaumu kwamba ana moyo mgumu, na mara nyingine, akiwa peke yake, Uzi alidhani huenda ni kweli. Lakini kila alipojaribu kuulainisha alisikia ile sauti ya upendo ikimwambia siku zote unaelewa, na moyo ukajifunga wenyewe.

Hatimaye alikwenda. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya shangazi kumwambia kwamba mzee ana kikohozi kisichopona. Alibeba dawa na machungwa. Alipofika kwenye geti, ambalo siku zote alilisukuma kwa bega na kuingia, akasimama. Akabisha.

"Hodi."

Ilichukua muda. Kisha geti likafunguka, na baba yake akatokea, amekonda kidogo, shati la kijivu limemzidi mabega. Alimtazama binti yake kwa mshangao, kisha akautazama mkono wake uliokuwa bado umeinuliwa.

"Mbona unabisha? Si kwenu hapa?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akajisogeza pembeni ampishe. Uzi hakusogea. Baba alisubiri, kisha akaelewa kinachosubiriwa, na Uzi akaona jinsi kilivyomwingia.

"Karibu," akasema.

"Ahsante," Uzi akajibu, akainama chini ya kizingiti, akaingia.